Maelezo Mengine (Kama Yapo)

Shengejuu, saa moja na robo asubuhi.
Nimekalia kibao cha mbuzi, kishikwambi mapajani.
Bi Bikombo yuko chini ya ng'ombe,
kipaji kakiegemeza ubavuni mwa mnyama
kama mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

Swali la kumi na nne: maziwa kwa siku, lita ngapi?
"Andika sita."

Jana jirani yake alisema sita.
Wa bondeni sita. Kijiji kizima sita,
utadhani ng'ombe wa mradi
walilishana yamini humo melini.

Naomba daftari. Analitoa mvunguni
ndani ya mfuko wa pumba.
Mwezi mzima wino mmoja, mkono mmoja,
sita juu ya sita, zimenyooka kama gwaride,
na hakuna ukurasa hata mmoja
uliodondokewa na tone la maziwa.

"Hilo lenu," kasema bila kugeuka.
"Langu lile pale."

Nguzo ya banda, upande usiopigwa na mvua:
chale za kisu, fupi, ndefu,
nyingine zimebebana mbilimbili.
Nikahesabu, nikapotea, nikaanza tena.

"Ndefu, kopo limejaa. Fupi, nusu.
Hapo patupu, kamba ililegea usiku, ndama akaniwahi.
Hapa sasa ni karafuu.
Faki mkata majani wangu kapanda mikarafuu ya watu,
analipwa kwa pishi, jioni pesa mkononi.
Ng'ombe kala migomba wiki tano.
Ukimpa mgomba akupe nini? Maji meupe."

Nikaikumbuka ripoti yetu ya robo ile:
*Uzalishaji umeshuka. Sababu: mwamko mdogo wa wafugaji.*
Niliichapa mimi,
kwa vidole hivi.

"Na hizi pacha?"

"Pacha kweli. Mkasi wa nyuma hapo kajifungua wawili,
ziwa moja halitoki. Nampelekea kopo anywe,
huenda likafunguka. Hilo siuzi."

"Mbona hukuliandika?"

"Niliandike wapi?
Mmechora safu ya nimeuza, safu ya tumekunywa.
Safu ya nimetoa hamkuichora.
Tena nikisema nane, mtauharakisha mtamba wenu wa deni.
Nikisema nne, mtamhamishia ng'ombe kwa mwengine.
Sita nalala."

Kishikwambi kinasubiri.
Hakifungui ukurasa mpaka kipewe tarakimu.
Nikarudi nguzoni, nikagusa chale moja moja kwa kidole,
nikajumlisha nyuma ya risiti ya petroli:
tano nukta nne.

Akacheka mpaka ng'ombe akageuza sikio.
"Hiyo nukta naikamua chuchu ipi?"

Mwisho kabisa, chini ya fomu,
*Maelezo mengine (kama yapo).*
Kisanduku cha herufi hamsini, na nafasi zimo.
Nikaandika upesi, kikanikatia njiani:

*Mwezi wa karafuu majani hukosa mkataji. Mkasi ana*

Ana nini, hawatajua Chake.
Nilifuta, nikafupisha, nikaanza na Mkasi,
ikakatika karafuu.
Nikaacha ilivyo.

Alipoinuka, goti lililia kabla yake.
Akamimina kopo, akalitazama kwa jicho moja.
"Leo fupi. Huyu hapendi wageni,
ukimkalia hivi anayafunga juu."
Nikatafuta swali linalouliza hilo
katika maswali yote arubaini na mawili.

Akanyosha kisu, mpini mbele.
"Kata wewe. Mikono yangu ina mafuta ya kiwele."

Mti mgumu, kisu butu. Nikakata.
Nilipoondoa mkono aliinama,
akaipima ile chale kwa ukucha.

"Mwanangu," kasema,
"mbona umeirefusha?"